Mwaka wa Kinu Kitupu

Kutoka Kabambare hadi Kasongo nilikaa juu ya pikipiki siku moja na nusu, na sehemu nyingine nilishuka nikatembea, kitenge nimekikunja hadi magotini, huku dereva akisukuma pikipiki ndani ya tope na kuwalaani wakubwa wa nchi hii mmoja baada ya mwingine. Kwa umri wangu hiyo si safari, ni adhabu. Nilipofika nilimbip mume wangu mara moja, maana huku kwetu ndivyo tunavyosema "nimefika": unapiga, inalia kidogo, unakata kabla hajapokea, na aliyebaki nyumbani anashusha pumzi. Kisha nikaenda kwenye msiba na vumbi langu lote. Pasta Elia alikuwa amekwisha kuzikwa asubuhi ile. Nilichelewa, na nasema wazi kwamba upande mmoja wa moyo wangu ulifurahi kuchelewa, kwa sababu sikutaka kuuona uso wake.

Waliokaa chini ya turubai walikuwa wa kila namna, Waprotestanti wa kanisa lake, Wakatoliki, na Waislamu wa mjini na kofia zao, wote wakinywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Wengi hawakuwahi kukanyaga kanisani kwake. Walimjua kwa sauti. Miaka ishirini na zaidi iliyopita, simu za mkononi zilipokuwa bado ngeni kwetu, Pasta Elia alianzisha Sikio, yaani namba ya simu ambayo mtu aliyezidiwa na maisha angeweza kuipiga akasikilizwa, bila kuulizwa jina wala dini. Mimi nilifanya kazi naye mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na miwili, msichana wa Kiislamu aliyekaa kutwa nzima kwenye kiwanja cha kanisa, na watu walisema mpaka midomo ikawauma. Habari za kwetu siziandiki hapa. Wanaotujua wanatujua, na wasiotujua hawatapata hasara. Ninachoandika ni mwaka ule, kwa sababu nilitoka humo na jambo moja ambalo nimelibeba mpaka nimekuwa bibi wa mjukuu: niliamini kwamba kwa mdomo wangu huu nimemuua mwanamke. Jioni ile ya msiba nilikuwa nimeshapanga kurudi kesho yake, lakini mjane wake, ambaye sisi sote tunamwita Mama Pasta, alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Zaina, usiende kesho. Kuko neno." Nikabaki.

Chumba cha Sikio kilikuwa depo ya mpunga kabla yetu, na hakikuacha kuwa depo. Makapi yalikuwa kwenye nyufa za sakafu, na kila mgeni alianza kwa kupiga chafya. Kulikuwa na meza moja, viti vitatu, simu mbili za vitufe, na batri ya lori iliyojazwa na jua kutoka kwenye bati. Tulifungua saa mbili asubuhi na kufunga alasiri, jua lilipoanza kulegea. Mtu mmoja wa mjini alimwuliza Pasta kwa nini hatufungui usiku, wakati usiku ndipo watu hulia. Pasta, mtu mwembamba wa Lusangi ambaye jicho lake moja lilitoa machozi kila alipochoka, akajibu, "Usiku batri inalala. Mungu yeye halali, wamupigie yeye." Mvua nayo ilitufunga ilivyotaka. Ikianza kupiga bati, husikii hata mtu aliye mbele yako, sembuse aliye kwenye simu. Tulikuwa tukiingia chini ya meza na kujifunika kitenge kichwani, simu sikioni, tukipayuka "Rudia, mama! Rudia!" Halafu tunakata tamaa.

Ukuta uliotutenga na jiko la Mama Pasta haukufika kwenye bati. Fundi aliishiwa matofali, akasema atarudi, na mpaka leo hajarudi. Neno lolote lililosemwa depo lilipita juu ya ukuta na kudondoka jikoni. Siku yangu ya kwanza, simu ilipolia nikasikia upande wa pili wa ukuta tu-tu-tu, mtu anatwanga. Nikadhani ni sombe ya mchana, majani ya muhogo. Baadaye nikaenda kuomba maji, nikakuta Mama Pasta ameshika mtwangio na kinu hakina kitu ndani, hata jani moja.

"Mama Pasta, unatwanga nini?"

"Niko natwanga masikio yangu," akasema bila kucheka. "Yasisikie mambo ya watu."

Ndivyo alivyofanya kila simu ilipolia. Kama kulikuwa na majani ya muhogo alitwanga majani, kama hakukuwa na kitu alitwanga kinu kitupu, mpaka asikie tumeweka simu mezani. Wapigaji walikuwa wakiisikia sauti ile kwa mbali na waliipenda. Mzee mmoja mfanyabiashara, ambaye alikuwa amekusudia kufanya jambo baya sana siku ile, alinyamaza katikati ya kilio chake akauliza, "Leo munapika nini pale?" Nikamwambia sombe na samaki. Akasema mke wake marehemu alikuwa akitia mawese mengi mno. Tukazungumza habari ya mawese karibu nusu saa, na mwisho akasema anaenda kula. Huo ndio ulikuwa utaalamu wetu, kama ni utaalamu.

Kwa kweli Pasta alitufundisha jambo moja tu, nalo lilikuwa kusalimia. Mimi na Mama Bernadeta, muuguzi mstaafu, Mkatoliki, mwenye kifua kikubwa na subira ndogo, tulikaa mbele yake wiki nzima tukisalimiana kama vichaa. Habari ya leo? Muzuri. Habari ya kule? Muzuri tu. Watoto? Wako muzuri. Kwetu mtu hata nyumba ikiwaka moto atasema muzuri, na huwezi kumrukia na maswali kabla hajamaliza muzuri zake. Atakuona huna adabu, atakata. Pasta alisema, "Muache amalize zote. Zikiisha, muulize la nne: na wewe mwenyewe? Hapo ndipo atalia." Na kweli, walilia hapo hapo kwenye la nne, wanaume kwa wanawake. Shida ilikuwa kwamba salamu ndefu ilikula mayunite ya watu, pesa yao ya simu. Walifika kwenye la tatu, simu ikakata. Ndipo tukatangaza kanisani, msikitini na sokoni: usipige, bip tu, sisi tutakurudishia. Simu ikilia na kukatika, nilikuwa nairudisha kabla Bernadeta hajaweka kikombe chake chini. Nilijivuna sana kwa mkono wangu mwepesi, na Bernadeta aliniita Risasi.

Tulikula pamoja kwenye ile meza, simu zikiwa katikati ya sahani. Bukari ya muhogo, yaani ugali wetu, sombe, maharage, na Ijumaa wali kwa heshima yangu, maana Mama Pasta aliamini Mwislamu wa Kasongo asipokula wali siku hiyo ataugua. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, Pasta alikataa kula mbele yangu. Alikuwa akitoka na sahani yake, anasimama nyuma ya kanisa kama mwizi, anakula haraka, anarudi na punje ya wali kwenye ndevu. Bernadeta yeye alikula mbele yangu bila wasiwasi na kuniambia, "Funga macho, binti yangu, nimalize hii kidogo." Nawakumbuka hivyo, na kumbukumbu hiyo inanichosha kwa sababu sioni mahali pa kuiweka. Wote wawili hawapo sasa. Nilikaa na watu wazuri kuliko nilivyojua, na mwaka wenyewe nilikuwa nauhesabu kama foleni ya kisimani, nikingoja zamu yangu ya kuolewa.

Sheria nyingine ilikuwa jina. Hatukuuliza jina, na tukiambiwa hatukuliandika. Pasta alikuwa mkali kwenye hilo kuliko kwenye dhambi zote za Biblia. Basi wapigaji tuliwapa majina yetu wenyewe: Mzee wa Mawese, Mwalimu wa Kikohozi, Mama wa Kilima. Huyu wa mwisho ndiye niliyekuja kwa ajili yake, ingawa nilisema nimekuja kuzika pasta. Alikuwa akipiga kutoka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na alipanda kilima kutafuta rezo, yaani mtandao, kwa hiyo kwanza nilisikia pumzi zake, ndipo sauti. Sauti yake ilikuwa ya msichana tu, huenda mdogo kuliko mimi. Simu ilikuwa ya mume wake, mchimbaji, na aliichukua mume akishuka shimoni. Mume alimpiga. Alimpiga kwa ajili ya chumvi, kwa maji ya kuoga, kwa mtoto kulia, na kwa kutolia. Alikuwa na mtoto mmoja mchanga na mjomba mmoja Kabambare, na alikuwa anatafuta mwendesha pikipiki ambaye hangemsaliti. Tulizungumza mara nyingi, mara saba au nane. Kuna siku hatukusema lolote la maana. Alinisimulia tu anachokiona kutoka juu pale, maturubai ya wachimbaji, moshi, watoto wanaosafisha mchanga, na mimi nikamsimulia ndevu za Pasta. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia mtu hilo, lakini nilimpenda kama mdogo wangu. Mara ya mwisho akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akasema, "Yaya Zaina, siku nitapata pikipiki nitakubip. Unisindikize na sauti mpaka niko barabarani." Nikamwambia, bip tu, mimi niko.

Alibip siku ya Ijumaa, adhuhuri, nimetoka kuswali. Wingu lilikuwa limeshafunga upande wa mto na matone ya kwanza yalikuwa yanagonga bati, moja moja, makubwa. Nilijua nina dakika moja, labda mbili, kabla mvua haijamiminika na kufuta kila kitu. Nikashika simu, nikarudisha. Ikapokelewa. Kimya. Wanawake wengi huanza kwa kimya, hilo si jambo geni, na kwa yale matone sikuweza kusikia pumzi ni ya nani. Na mimi, Risasi, niliyesalimiana wiki nzima kama kichaa, nikaruka salamu. Nilisema, "Ni Zaina. Usilie. Pikipiki imepatikana? Mutoto iko tayari?"

Kimya tena. Kisha sauti ya mwanaume, taratibu, bila hasira yoyote: "Pikipiki ya kwenda wapi?"

Nikakata. Ee Mungu wangu, nikakata! Sikusema nimekosea namba, sikusema natafuta mtu mwingine, sikubuni hata uongo wa kitoto. Nilikata tu, na mvua ikashuka. Kama ningeuliza habari ya leo, angejibu yule mume, ningejua, ningesema samahani baba, na mwanamke yule angebaki na siri yake. Salamu moja tu. Nimeisema salamu ile maelfu ya mara tangu siku hiyo, dukani kwangu Kabambare, kwa kila anayekuja kununua kitenge, na kila mara kuna mahali panauma. Mvua ilipoisha tulipiga ile namba mpaka jua likazama. Ilikuwa imezimwa. Na hatukuwa na jina, wala nyumba, wala jina la mume, kwa sababu sheria yetu ilikuwa kutojua.

Pasta hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kesho yake alipanda pikipiki kwenda Salamabila, akakaa siku nyingi katikati ya wachimbaji akiuliza bila kuweza kuuliza. Utamtafutaje mwanamke ambaye ukimtaja unamponza? Alirudi na homa, tope mpaka shingoni, jicho lake likichuruzika, akasema neno moja, "Sikumupata," akaingia kulala. Nyuma yake zikaja habari. Kule Salamabila walisema kuna pasta wa Kasongo anayeiba wake za watu kwa simu. Maneno hayo yalifika kanisani, na wazee wa komite wakaja depo na Biblia zao. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele. Walipoanza kusema, Mama Pasta alishika mtwangio kama kawaida, nami nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, acha." Akaniangalia sana. Akaacha.

"Pasta, nani alipiga ile simu?" mzee mmoja akauliza.

"Ni mimi."

"Watu wanasema ni ule binti wa Kiislamu."

"Nimesema ni mimi. Muandike mimi."

Wakaandika yeye. Walimwondoa mimbarani miezi mitatu, akawa anakaa benchi la nyuma na wageni, na mimi nilinyamaza. Hilo ni kosa langu la pili, na nalisema hapa kwa sababu yeye hakulisema kwa mtu. Siku ile ile alitubadilishia kazi. Tangu leo, alisema, bip moja haturudishi. Bip moja ni mtu anasema niko. Akibip mara ya pili, ndipo anasema niko peke yangu, simu iko mikononi mwangu, nipigie. Tukatangaza tena kanisani, msikitini na sokoni. Nilikaa miezi michache kwenye ile meza nikisikia bip moja moja, mkono wangu umekufa juu ya meza, nikihesabu kimya. Bernadeta hakuniita Risasi tena. Mwaka ulipoisha nikaolewa Kabambare, na nilifurahi kuondoka. Siku ya kuaga, Pasta alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki akasema, "Zaina, ukichoka, sema. Sisi tunasikiliza watu, na wewe uko mutu." Nikasema nimesikia. Nikapanda.

Kila Idi, baada ya swala, simu yangu ililia mara mbili. Bip, kimya kidogo, bip. Namba ya Pasta. Mwaka wa kwanza nilidhani ni salamu ya sikukuu, maana watu hubip kusalimiana, nikamrudishia bip moja. Lakini mwaka wa pili na wa tatu sikuwa na la kudhani. Mbili ni mbili. Nilikaa kwenye ile meza, nilijua maana yake. Alikuwa ananiambia nipigie. Nami niliamini anataka nirudi Sikio, au mbaya zaidi, anataka tuongee juu ya yule mwanamke, na mimi sikuwa na nguvu hiyo. Yeye mbili, mimi moja, Idi baada ya Idi. Kuna miaka niligeuza simu kifudifudi na kuendelea kukaanga nyama. Idi iliyopita haikulia. Nikasema moyoni, amechoka naye, afadhali. Kumbe alikuwa ameanza kuugua.

Siku ya tatu ya msiba watu walipungua. Mama Pasta aliniita jikoni, lile lile jiko, na ukuta ule ule usiofika juu. Amekuwa mdogo sasa, mgongo umepinda, miguu imevimba. Kinu kilikuwa pembeni. Akanipa kiti, yeye akakaa kwenye mkeka akipapasa magoti yake.

"Zaina, nilikosa," akasema. "Siku moja niliacha kutwanga."

"Ile siku ya komite? Ni mimi nilikuomba, mama."

"Hapana. Ingine. Wewe ulikuwa umeshaenda kwa bwana. Simu ililia mbili, Pasta akarudisha, mimi nikashika mutwangio. Mukono ulichoka, Zaina. Ulichoka tu. Nikasema nipumzike kidogo. Basi nikasikia."

Alisikia upande wa Pasta peke yake, kwa kuwa mwingine alikuwa ndani ya simu. Lakini alikuwa ameushika kwa moyo, na alipousema aliusema kwa sauti ya marehemu, taratibu, na kimya chake mahali pake.

"'Na wewe mwenyewe, mama?' Akanyamaza. 'Mama wa Kilima? Ni wewe?' Akanyamaza sana, nikasikia kiti kinalia. 'Uko Kabambare... kwa mujomba... Na mukono? Haukunyooka. Pole. Pole sana, mama... Mutoto anatembea? Sifa kwa Mungu... Hapana, yule binti hayuko. Ameolewa, ameenda kwa bwana... Nimuambie nini? Tulifika? Basi. Nitamuambia vile vile. Tulifika.'"

Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamwomba tena. Sijui nilimwomba mara ngapi. Mwanamke yule alikuwa hai. Mkono wake ulivunjwa kwa ajili ya mdomo wangu na haukunyooka, hilo halifutiki, lakini alikuwa hai, pamoja na mtoto wake, katika mji ule ule ninaokaa, na huenda nimempimia kitambaa dukani kwangu, akanyoosha ule mkono kupokea, tukaulizana habari na kujibiana muzuri. Na alikuwa amenitumia neno moja tu, lile ambalo msafiri yeyote wa barabara zetu humtumia aliyebaki nyumbani ili ashushe pumzi. Nikalia, kisha nikakasirika. Nilimkasirikia marehemu kwa sauti kubwa, mimi, mgeni wa msiba.

"Kwa nini hakunipigia? Angenipigia tu! Dakika moja, mama! Neno moja! Miaka yote hii!"

Mama Pasta aliniangalia kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Zaina. Wewe ulikuwa muke wa mutu. Yeye angejua simu iko mukononi mwa nani?"

Sheria ile Pasta aliitunga kwa sababu yangu, na kwangu akaishika mpaka mwisho. Alibip mara mbili, akangoja. Mimi, niliyerudisha simu haraka siku moja nikavunja mkono wa mtu, nilikaa miaka yote iliyofuata bila kuirudisha.

"Na wewe, mama? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemuambia. Angejua kile kinu kiliacha siku moja." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Nilisikia aibu. Sasa hayuko, aibu ya nini tena?"

Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa. Uchovu ulinishika, ule wa safari na mwingine wa zamani, na nilitamani kulala pale pale kwenye mkeka. Mama Pasta akatoa kitu ndani ya nguo yake, akakiweka juu ya mkeka kati yetu. Ilikuwa simu ya Sikio, ya vitufe, namba zimefutika kwa vidole vya watu. Akasema namba ni ile ile, mtoto wa jirani huipeleka kwenye jua, na tangu Pasta aingie kitandani watu bado wanabip, na yeye hajui kujibu, hajawahi, kazi yake ilikuwa kinu. Nikamwambia mimi nimezeeka, nina duka, nina mume, Kabambare ni mbali. Akasema ndiyo, anajua. Hakunibembeleza. Nilikuwa bado naorodhesha sababu zangu simu ilipolia mara moja na kukatika.

Tuliiangalia wote wawili. Nje watu walikuwa wanakunja turubai. Mkono wangu uliondoka wenyewe, nikaurudisha. Nikangoja. Nilihesabu kama nilivyohesabu zamani, na nilifika mbali sana kwenye hesabu yangu, nikaanza kushukuru kwamba jambo hili halinihusu.

Ikalia tena.

Mama Pasta aliinuka kwa kushika ukuta, magoti yakalia, akavuta kile kinu kitupu, akashika mtwangio kwa mikono miwili, na akaanza kutwanga. Nikachukua simu, nikarudisha. Ikapokelewa. Kimya.

"Habari ya leo?" nikasema.

Pumzi. Kisha sauti, ya mtoto wa kiume au ya mwanamke, sikuijua. "Muzuri."

"Habari ya kule?"

"Muzuri tu."

"Watu wa nyumbani?"

"Wako muzuri."

Nyuma yangu kinu kilikuwa kinaendelea, taratibu, kwa mikono iliyochoka, bila kuacha. Nikauliza la nne.